Mjomba, mume wangu ameamua tuhamie Kentucky

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Portland, jimbo la Maine. Tulikuja Marekani mwaka 2018 tukitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wazazi wetu ni watu wa Uvira, Kongo. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha samaki. Mimi nahudumia wazee, nina cheti cha CNA, yaani muuguzi msaidizi. Sisi wawili na watoto wakubwa wawili tuna grinikadi, kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, kitinda mimba amezaliwa hapa hapa.

Binamu yake mume wangu anaishi Lexington, Kentucky. Kila Jumapili jioni anapiga simu ya video, na simu ile ndiyo imeleta mambo yote haya. Anatuonyesha sahani ya sombe na dagaa, anatuonyesha watoto wake wanacheza nje na fulana mwezi wa tatu, wakati sisi huku bado tunakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Anasema analipa dola 1,150 kwa nyumba ya vyumba viwili. Sisi tunalipa 2,300. Anasema kazi ziko za kumwaga, na kanisani kwao ibada ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mume wangu hashikiki tena. Ameniambia serikali ikiturudishia pesa zetu za kodi ya mapato mwezi wa tatu, tunapakia na kuondoka. Hakuniuliza, ameniarifu.

Mjomba, mimi siendeshi gari. Naenda kazini kwa basi, na gari tulilo nalo moja anatumia yeye. Binti yangu mkubwa ana miaka 14, wa pili 9, na mdogo miaka 3. Huyu mdogo anakaa na mama mmoja wa Burundi, jirani yetu, ninayemwamini kama dada yangu. Tukihama na shemeji yangu naye anakuja, mdogo wake mume wangu. Yeye alipitia mpaka wa Mexico mwaka 2022, ameomba hifadhi, ana kibali cha kazi.

Nimemwambia mwenzangu wa kazini, mzungu, akanishika mkono akasema "Kentucky? Pole." Hapo ndipo hofu ikaniingia. Je, ni kweli maisha ni rahisi huko? Watu wa Kusini mwa Marekani wanaishije na weusi? Na hizo tufani za kubeba nyumba? Kadi yetu ya MaineCare, bima ya afya ya jimbo, itafanya kazi huko? Sitaki nionekane mke anayemrudisha mume nyuma. Ila pia sitaki kubebwa kama godoro juu ya gari.

Mama Furaha, Portland

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako imenifika hapa Lexington, na umeiandika vizuri, ila mtu aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote umempa mistari miwili tu, tena mwishoni. Shemeji yako. Nitaanza naye, mengine yatafuata.

Ninyi mkihama vibaya mtapoteza pesa, labda na mwaka mmoja wa usumbufu. Yeye akihama vibaya anaweza kupoteza nchi. Mtu aliyeingia kwa mpaka wa Mexico akaomba hifadhi, mara nyingi kesi yake iko mbele ya jaji wa uhamiaji, na kwa watu wa Maine majaji hao wako Massachusetts. Kesi haihami kwa sababu mwenye kesi amehama. Ni kweli Louisville, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Lexington, kuna mahakama ya uhamiaji tangu 2018. Lakini faili halitakwenda huko mpaka aombe kwa maandishi na jaji akubali. Kabla jaji hajakubali, tarehe aliyopewa ni ile ile na ukumbi ni ule ule wa Massachusetts. Asipotokea, jaji anaweza kutoa amri ya kumfukuza nchini na yeye hayupo. Nimeona vijana wazuri, wachapakazi, wakijua habari zao miezi baadaye, kwa sababu barua ilikwenda nyumba waliyokwisha hama.

Kwa hiyo kabla mume wako hajauliza bei ya lori la kuhamia, shemeji azungumze na wakili wake. Anwani mpya ataipeleka mahakamani ndani ya siku 5 kwa fomu EOIR-33, na idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Ni ofisi mbili zisizosemezana, fomu moja haijazi nafasi ya nyingine. Hiyo AR-11 inawahusu hata ninyi wenye grinikadi, watoto wakiwemo, na wengi hawajui. Halafu wakili anayemsaidia bure huko Maine hatamfuata Kentucky, lazima atafutwe mwingine, na foleni zake ni ndefu. Tena Maine, mtu wa hifadhi akikwama anaweza kwenda ofisi ya mji akasaidiwa kodi ya nyumba na chakula. Kentucky haina mfuko wa namna ile. Huku akikosa kazi, mfuko wake ni ninyi.

Na kwa kuwa tumegusa makaratasi: ninyi mlioingia 2018 muda wenu wa kuomba uraia umeshafika. Ombeni kabla ya kuondoka, au mkifika Kentucky msubiri mtimize miezi 3 ya kukaa ndipo mpeleke maombi. Sheria inataka hivyo.

Sasa nyumba.

Binamu hasemi uongo. Anasema bei ya siku aliyosaini yeye. Lakini yeye ana vyumba viwili, na ninyi mko wangapi? Watu wazima watatu na watoto watatu. Kampuni nyingi za nyumba hapa zinahesabu watu wawili kwa chumba. Mkiwa watu sita kwenye vyumba viwili, wataikataa fomu yenu kabla hawajaangalia mshahara. Najua tulivyozoea: tutaandika majina manne, wengine wataingia usiku na mikeka yao. Usikubali. Mtu asiye kwenye mkataba ndiye anayefanya familia nzima itolewe nje, na mkishatolewa kwa amri ya mahakama, kila nyumba mtakayoomba baadaye wataliona jambo hilo. Kwa hiyo bei unayoitafuta wewe ni ya vyumba vitatu, na ni bei ya leo. Ongeza ada ya maombi kwa kila mtu mzima, dhamana, na sharti ambalo kampuni nyingi wanalo, kwamba mapato yenu kwa mwezi yawe mara tatu ya kodi. Mtu aliyefika jana, hana hata hundi moja ya mshahara wa Kentucky, atawaonyesha nini?

Bado itakuwa chini ya Portland, hilo sikatai. Lakini Lexington si ile Kusini ya bei za kutupa ambayo watu wanaihadithia. Mji huu ulijiwekea mpaka wa kujenga mwaka 1958, wa kwanza Marekani nzima kufanya hivyo, ili mashamba ya farasi yasiliwe na nyumba. Ukitoka kwa barabara ya Paris Pike utaona mwenyewe: nyumba zinakatika ghafla, zinaanza ua ndefu za mbao nyeusi, na nyuma ya ua farasi mmoja anakula nyasi kwenye uwanja ambao ungekaa familia mia. Mwaka 2023 baraza la mji lilikubali kuusogeza mpaka, mara ya kwanza tangu miaka ya tisini, baada ya kelele nyingi. Nyumba zenyewe zitachukua muda. Kwa sasa watu ni wengi na nafasi ni ile ile.

Mkipata nyumba, kabla ya kuingiza hata sufuria, mwenye nyumba anatakiwa kisheria awape orodha ya vitu vilivyoharibika tayari. Isome, tembea chumba kwa chumba, piga picha, ndipo usaini. Na kodi ya nyumba ikichelewa, notisi yake hapa ni ya siku 7 tu.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningekuwa mimi ndiye binamu, ningelisema kabla ya sombe. Gari.

Portland unaweza kuishi bila kuendesha na bado ukaitwa mtu mwenye kazi. Lexington ni ngumu sana. Mji umechorwa hivi: katikati kuna kitovu, barabara kubwa zinatoka pale kwenda kila upande, Winchester Road, Richmond Road, Tates Creek, Nicholasville Road, Versailles Road na nyingine, halafu New Circle Road inazizunguka zote. Basi za Lextran zinafuata barabara hizo, na karibu zote zinakutana kituo cha Vine Street katikati ya mji. Maana yake ni kwamba ukikaa upande wa Winchester Road na nyumba ya wazee unayofanyia kazi iko Nicholasville Road, huwezi kukata pembeni. Utaingia mjini kwanza, utashuka, utasubiri, utapanda nyingine itoke nje tena. Jumapili basi zinapungua, na wewe unajua kuliko mimi kwamba wazee hawapumziki Jumapili.

Hizo kazi za kumwaga nazo, nyingi haziko kwenye njia ya basi. Kiwanda cha Toyota, ambacho kila Mkongo wa hapa ana ndugu aliyepitia, kiko Georgetown, wilaya nyingine kabisa kaskazini yetu. Kimekuwepo tangu 1988, ndicho kiwanda kikubwa kuliko vyote vya Toyota duniani, na Lextran haifiki. Kuna maghala, kuna wafungashaji wa vyakula, kuna kiwanda cha siagi ya karanga ya Jif kiko mjini kabisa na upepo ukikaa vizuri unakisikia kwa pua, kuna hospitali ya chuo kikuu. Nyingi ya kazi hizo unaingia kwa wakala wa ajira kwanza, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na mbili jioni, na ukichelewa unaandikiwa pointi. Pointi zikijaa, unaambiwa usirudi.

Nilipokuwa naendesha basi la shule nilikuwa napita alfajiri kwenye nyumba za kupanga wanakokaa watu wetu, na karibu kila maegesho nilikuta picha ile ile. Gari dogo la abiria, injini inanguruma, taa zimewaka, ndani watu saba na visibao vya kung'aa, kila mmoja na kikopo chake cha chakula mapajani. Dereva anapiga honi moja fupi kwa yule wa mwisho. Wanamlipa lifti kila wiki. Mpangilio mzuri, na umewasimamisha wengi. Sasa kuna asubuhi gari lile haliji. Dereva anaumwa, au gari limekufa, au amegombana na mkewe. Ninawakuta wamesimama kando ya njia na visibao vyao, wote wanapiga simu, wote wanahesabu pointi. Binamu hakuonyeshi hiyo kwenye video. Hafichi, ila yeye tayari ana gari lake.

Basi muulizeni maswali haya, kwa upole: kwako kuna magari mangapi? Mkeo anaendesha? Watoto wakipigiwa simu kutoka shule, nani anakwenda kuwachukua? Nadhani mtasikia magari mawili na madereva wawili. Hesabu ya dola 1,150 imesimama juu ya hayo magari mawili.

Gari la pili lina gharama zake. Ukilinunua Kentucky, unatozwa asilimia 6 wakati wa kubadilisha jina la mwenye gari ofisi ya karani wa wilaya. Kila mwaka kuna kodi ya mali juu ya gari, inadaiwa kwa yule aliyekuwa mwenyewe tarehe 1 Januari, na unailipa mwezi uliozaliwa, pamoja na usajili. Bima ni lazima, na dereva mpya anaipata kwa bei ya kuumiza. Afueni yenu ni moja: ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka mnaoufanya Maine, huku haupo. Muwe macho tu na yadi zinazouza gari na kukukopesha zenyewe. Malipo ya kila wiki yanaonekana madogo, riba yake ni moto, na baadhi wanafunga kifaa cha kulizima gari ukichelewa siku mbili.

Mshahara msijidanganye. Kima cha chini Maine mwaka 2025 kilikuwa dola 14.65 kwa saa. Kentucky ni 7.25, haijasogea tangu 2009. Viwandani wanalipa zaidi sana ya hapo, hakuna anayepata mtu kwa 7.25, lakini mshahara wako wa kuhudumia wazee usitegemee uhamie ulivyo. Kutoka kwenye hundi jimbo linakata asilimia 3.5 kuanzia mwaka 2026, Lexington yenyewe inakata 2.25, na shule nusu asilimia. Hayo makato ya mji ndiyo yanayowashangaza wageni, wanadhani mwajiri amewaibia. Unga, mchele na mafuta ya kula dukani havitozwi kodi. Vitu vingine ni asilimia 6.

Cheti chako: Kentucky wanamwita muuguzi msaidizi SRNA, si CNA, na kuna orodha yao ya jimbo inayoshikwa na Bodi ya Wauguzi. Cha Maine hakifi, kinahamishwa, mradi kiwe hai na kisiwe na doa. Anza kuomba ungali Portland. Usije ukafika, ukakaa wiki kadhaa nyumbani unasubiri karatasi, pesa mlizorudishiwa na serikali zikaishia hapo.

MaineCare inaishia mpakani mwa Maine. Siku mnayopata anwani ya Kentucky mnaomba upya kupitia kynect, mfumo wa jimbo. Kwa bahati Kentucky ni kati ya majimbo machache ya Kusini yaliyopanua mapema, mwaka 2014, Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo mtu mzima mwenye kipato kidogo anaweza kupata. Binamu angekuwa Tennessee au Texas, ningekujibu kwa ukali zaidi, maana kule baba mwenye kazi ya kipato cha chini mara nyingi hapati kitu. Watu wanasema "Kusini" kama vile ni kijiji kimoja. Kabla ya kuondoka jazeni dawa za watoto, na msishike kadi mbili kwa wakati mmoja.

Mwezi wa tatu ndiyo sehemu ya mpango huu ninayoipinga bila kona. Furaha ana miaka 14, yuko sekondari, masomo yake yanahesabiwa kwa alama za muhula. Umng'oe katikati, aingie shule mpya ambako wenzake wamebakiza wiki chache wafunge? Shule za hapa zinafunga mwisho wa Mei au karibu na hapo na zinafungua katikati ya Agosti, mapema kuliko kwenu. Maliza mwaka wa Maine, hameni mwanzo wa Julai, mtakuwa na wiki za kutafuta nyumba, chanjo na makaratasi ya shule. Na nyumba itafuteni mkijua kwamba anwani ndiyo inayochagua shule.

Kuhusu mdogo wa miaka 3, sina jibu la kukupa, na naomba usiruhusu mtu akupe jibu la rejareja. Yule mama wa Burundi ana thamani ya pesa kwenye bajeti yenu, mwandikeni kwenye karatasi. Zamu ikianza saa kumi na mbili, mtoto anapaswa kuwa mikononi mwa mtu saa kumi na moja na nusu, na vituo vingi vya kulelea watoto bado vimefungwa. Tena kuna jambo litakalokuchekesha wewe wa Maine: theluji ya kufunika kiatu tu, shule za Lexington zinafungwa. Watoto wanabaki nyumbani. Kiwanda hakifungwi.

Sasa hofu yako kubwa, ya watu.

Sitakudanganya kwamba historia haipo. Katikati ya mji, pale Cheapside, palikuwa soko kubwa la kuuza watumwa. Kwa zaidi ya miaka mia palisimama hapo sanamu za wanaume waliopigania upande wa Kusini, uliotetea utumwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mji uliziondoa Oktoba 2017, na mwaka 2020 sehemu hiyo ikapewa jina la Henry Tandy, fundi mweusi aliyezaliwa utumwani na kushiriki kujenga jumba la mahakama lililo jirani. Kwa hiyo hapa watu weusi si wageni. Karibu mtu mmoja kati ya saba ni mweusi, wana makanisa, wana mitaa, wana makaburi ya babu zao. Hata hizo mbio za farasi wanazojivunia, Kentucky Derby ya kwanza mwaka 1875 alishinda Oliver Lewis, mweusi, na Isaac Murphy wa hapa hapa Lexington akashinda mara tatu. Binti yako atakaa darasani na watoto weusi wengi, kitu ambacho Maine ni adimu. Nadhani atapumua. Atagundua pia kwamba kuwa mweusi hakumfanyi awe ndugu wa kila mtu siku ya kwanza. Wapo watakaomcheka lafudhi.

Wazungu wa hapa watakusalimia dukani, watakuuliza unatoka wapi, na swali la tatu litakuwa unasali wapi. Hawakuchunguzi, ndiyo namna yao ya kumweka mtu mahali pake. Watoto wafundishwe kuitikia wakubwa kwa heshima, bwana na mama, jambo ambalo kwa mtoto aliyelelewa Kiswahili si geni. Je, utakutana na ubaguzi? Ndiyo, kama ulivyokutana nao huko, ila huku unakuja na tabasamu na unachelewa kuutambua. Kitu kimoja ukishike: shemeji asiendeshe hata mtaa mmoja bila leseni na bima. Kusimamishwa na polisi kwa mtu mwenye kesi ya uhamiaji si jambo dogo siku hizi.

Tufani: zipo. Desemba 2021 ilipiga Mayfield, magharibi mwa jimbo, ikaua watu kiwandani wakiwa kazini. Lexington iko mbali na pale lakini haina kinga. King'ora cha mji hujaribiwa mara moja kwa mwezi, usishtuke. Kikilia siku nyingine, ingieni bafuni au kabatini, sakafu ya chini, mbali na madirisha. Kinachosumbua zaidi kila mwaka ni chavua. Mtoto mwenye pumu, mwezi wa nne na wa tano hapa utamjua daktari kwa jina.

Kwa mume wako, usimpelekee "hapana". Amechoka, ana ndugu anayemwita, na wimbo wa Kiswahili kanisani si kitu kidogo kwa mtu aliyekulia kambini. Mpelekee karatasi yenye safu mbili, Portland na Lexington, na mistari yote niliyotaja hapo juu, magari mawili yakiwemo. Kisha mwombe aende wiki nzima kabla ya kuamua, alale kwa binamu, lakini gari la binamu asiliguse. Aende kuomba kazi kwa basi. Arudi kwa basi Jumapili jioni. Wewe nawe mpigie mke wa binamu, siku ya kazi, mume wake akiwa zamu. Wanawake wataambiana yale ambayo simu ya video ya Jumapili haina nafasi nayo.

Na wiki hii hii, kabla ya lolote, nenda kachukue kitabu cha udereva cha Maine uanze kusoma. Leseni utakayoipata huko Kentucky wanakubadilishia bila kukutahini upya barabarani, una siku 30 tu za kuishughulikia ukishahamia. Msipohama, utakwenda kazini Jumapili bila kusimama kituoni kwenye baridi. Hilo halihitaji ruhusa ya binamu.

Mjomba, Lexington